Mbwa Aliyekusanya Mbuzi wa Kasingirima

Harufu ya Kasingirima ninayoikumbuka mimi ni ya mikojo ya mbuzi iliyonyeshewa. Mvua ikikatika na jua likirudi na ukali wake, njia za mchanga mwekundu zilianza kufuka mvuke, na ndani ya mvuke huo ulipata kila kitu tulichoishi nacho: dagaa walioanikwa juu ya mabati, maganda ya mihogo yaliyooza mtaroni, moshi wa mkaa, mawese yakichemka kwenye sufuria ya jirani, na juu ya yote hayo, mbuzi. Mbuzi walikuwa wengi kuliko watoto. Hawakuwa na mchungaji. Asubuhi walifunguliwa mlango wakaenda zao mtaani kama watu wenye shughuli, wakala makaratasi, majani ya mipapai na kanga zilizoanikwa chini chini, na jioni kila mwenye mbuzi alituma mtoto kwenda kuwatafuta. Wenzangu wa rika lile tukikutana leo harusini au msibani, huyakumbuka maisha hayo kwa macho ya kulegea. Husema zamani mtaa ulikuwa kitu kimoja, kila mama alikuwa mama wa kila mtoto, na chumvi iliombwa kwa kupitisha mkono juu ya ua. Mimi huwaacha waseme. Nilikuwepo, na nilikuwa na mbwa, kwa hiyo naujua mtaa ule kwa upande ambao wao hawakuonyeshwa.

Nilikuwa darasa la nne. Tuliishi katika nyumba aliyoiacha babu, nyumba ya tofali za udongo yenye baraza mbele na ua mkubwa nyuma, mimi, Baba na Shangazi Tabu. Baba alikuwa fundi wa injini za boti kule Kibirizi. Aliondoka alfajiri akiwa msafi na kurudi jioni akinuka petroli, na Shangazi, dada yake mkubwa, alimvua viatu mlangoni kama mtoto. Mama alikuwa ameachika, ameolewa tena Kaliua, na jina lake halikutajwa nyumbani ila kwa ubaya. Shangazi alihamia kwetu, kwa maneno yake mwenyewe, ili nipate kulelewa. Alikuwa na neno la kusema juu ya namna ninavyofagia, ninavyokaa, ninavyokunywa maji, na zaidi ya yote juu ya namna ninavyofanana na mama yangu. Sikuwa na ndugu wa tumbo moja. Shule ilipofungwa siku zilikuwa ndefu mno, na nilizipitisha kwa kujificha nyuma ya choo na kuongea peke yangu.

Likizo moja Baba aliitwa kutengeneza pampu ya maji kwenye kituo cha kulelea mbwa kilichokuwa kilimani, upande wa Katonga, akanichukua ili anipumzishe na mdomo wa dada yake. Kituo chenyewe kilikuwa ua wa mabanzi na mabanda machache ya bati, na ziwa lilionekana lote kutoka pale, mpaka milima ya Kongo. Mwenye kituo, Dokta Bukuru, alikuwa daktari wa mifugo mstaafu, Muha mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetusalimia "Mwakeye" kisha akaendelea na Kiswahili chake cha polepole. Aliokota mbwa waliogongwa na pikipiki, mbwa waliotupwa sokoni, na mbwa walioachwa na wageni waliofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi, mikataba yao ilipokwisha. Wote walibweka tulipoingia, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mweusi mwenye shingo na kifua cheupe, manyoya marefu kidogo, jicho moja la kahawia na jingine la kijivu hafifu. Dokta alimwita Kunguru, kwa ajili ya hizo rangi. Mama yake alikuwa mbwa wa wazungu wa kambini, wa kabila lile la kuchungia kondoo, na baba yake alikuwa mbwa yeyote tu wa barabarani.

Kunguru alinijia akiwa amejiinamisha, akaniegemea miguuni kwa uzito wake wote, kisha akaanza kunizunguka. Kila duara lilinisogeza kidogo. Nilipostuka nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Baba, aliyekuwa amechuchumaa kwenye pampu, na mbwa amelala chini mbele yetu akitutazama kama aliyemaliza kazi. "Anawakusanya," alisema Dokta Bukuru. "Hii mbwa haipendi kuona mtu yuko mbali na mwenzake." Baba alicheka. Tangu Mama aondoke nilikuwa sijamsikia akicheka kwa sauti, na nadhani ni kicheko kile ndicho kilichotupatia mbwa, maana alipomaliza pampu alikataa malipo akasema, kama mchango huu unatosha, mtoto angemtaka yule. Dokta alinitazama mimi, wala si yeye. Aliniuliza nitamlisha nini, atalala wapi, nani atampeleka chanjo. Nilijibu yote kwa kubahatisha. Mwisho akasema, "Haya, ni wako wewe. Si wa baba yako. Mukishindwa munirudishie, musimtupe." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitu fulani ni changu, na neno lile nililibeba njia nzima ya kurudi nyumbani nikiwa nimeshika kamba kwa mikono yote miwili.

Shangazi alikuwa anachambua mchele barazani. Aliweka ungo chini, akasimama, na akatupokea kwa sauti iliyowatoa majirani wote nje. Nyumba ya marehemu baba yake, nyumba inayosomwa Kurani, leo inaingizwa mbwa! Akamtaka Baba aseme kama amelogwa na yule mwanamke wa Kaliua. Kunguru, ambaye hakuwahi kudhani kwamba binadamu anaweza kuwa adui, alimwendea akitingisha mkia na kumlamba kidole cha mguu. Nilidhani Shangazi atazimia. Alijiosha kama ilivyoelekezwa, mara saba, moja yake kwa udongo, kisha akaniosha na mimi, kwa udongo wenye changarawe, akinisugua mikono hadi ikawasha siku mbili. Tangu siku hiyo kila aliponiona nimemgusa mbwa aliita, "Zaituni! Udongo!" Baba alimtengenezea Kunguru banda mwisho wa uani, mbali na kisima na mbali na mlango, tukawekewa sharti kwamba asivuke mstari uliochorwa na Shangazi kwa majivu. Mbwa aliuelewa mstari ule kwa siku moja. Shangazi hakuwahi kumsifu kwa hilo. Alisema ni dalili kwamba si mbwa wa kawaida.

Mtaa nao haukukawia kukubaliana naye. Waliokuwa wakigombana miaka na miaka kwa ajili ya mipaka ya viwanja, waume na madeni, waliungana kwa mara ya kwanza kumchukia mbwa wangu. Walisema habweki kwa sababu ametumwa. Walisema jicho lile la kijivu linaona majini. Kweli Kunguru alikuwa na tabia moja ya kutisha kidogo kwa asiyemjua: alipotaka kitu kisogee hakukifukuza, alijibanza chini, akanyoosha shingo, akakikodolea macho bila kupepesa mpaka chenyewe kikaona haya na kuondoka. Aliwafanyia hivyo bata. Aliwafanyia kuku. Siku moja aliwafanyia watoto wa madrasa waliokuwa wametawanyika njiani wakirushiana embe mbichi. Akawazunguka, akawasukuma visigino kwa pua, akawafikisha mlangoni kwa maalimu wakiwa kundi moja, kabla ya wakati. Maalimu mwenyewe alicheka. Mama zao hawakucheka, kwa sababu pua ya mbwa ni mbichi na kanzu zote zilipaswa kufuliwa. Walikuja kwetu na kanzu hizo mikononi, wakazitupa barazani, na Shangazi akanipa mimi kazi ya kuzifua, huku akiwaomba radhi kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

Aliyeongoza chuki hiyo alikuwa Bi Sikitu, jirani yetu wa upande wa chini. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti nzito na mbuzi wengi kuliko mtu yeyote mtaani, na mtaa mzima ulimwogopa hata kumkopesha sufuria. Alitumwagia maji ya moto kupitia juu ya ua, yakampata Kunguru mgongoni, na manyoya hayakuota tena pale. Kesho yake mbwa alimwona njiani akamkimbilia kumsalimia. Nililia kwa hasira, si kwa yale maji tu, ila kwa sababu ya mkia ule uliokuwa ukitingishwa kwa mtu asiyestahili. Nilimfundisha kukaa, kungoja, kuja nikipiga mluzi. Nilijaribu pia kumfundisha kumchukia Bi Sikitu, nikimwonyesha kwa kidole na kunguruma mimi mwenyewe, lakini somo hilo halikumwingia kabisa.

Kisha likatokea lile la mbuzi. Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, wingu limetanda juu ya ziwa, nami nilikuwa nimetumwa Ujiji sokoni kununua mawese. Niliporudi nilisikia milio ya mbuzi tangu kona ya kwanza. Uani kwetu kulikuwa kumejaa mbuzi hadi juu ya ngazi: wa Bi Sikitu, wa maalimu, wa muuza mkaa, wa watu wa mtaa wa pili ambao hata sikuwajua. Kunguru alikuwa amelala kwenye uwazi wa ua, ulimi nje, akiangalia huku na kule kama kuna aliyebaki. Alikuwa ameona vitu vimetawanyika siku nyingi, roho ikamuuma, na siku hiyo akaamua kuvikusanya. Shangazi alikuwa amejifungia ndani akipiga kelele dirishani. Kabla sijajua nianzie wapi Bi Sikitu akaingia, nyuma yake watu na fimbo zao. "Nilisema mimi! Nilisema! Hii mbwa inafundishwa kuiba!" Wiki ile ile beberu wake mmoja alikuwa amepotea, na sasa kila mtu alijua amepotelea wapi. Mtu mmoja alimpiga Kunguru fimbo ya mbavu. Nilimlalia juu, na fimbo ya pili ikanipata mimi begani. Hakuna mama wa kila mtoto aliyesema neno siku ile.

Mwenyekiti wa mtaa aliita kikao kesho yake baada ya alasiri, chini ya paa la ofisi yake. Wengi walitaka jambo moja tu, mbwa auawe, na kijana mmoja alishajitolea kutafuta sumu. Baba alisimama bado ana grisi kwenye kucha. Hakuwa msemaji. Alieleza kwamba hii ni mbegu ya mbwa wa kuchunga, kwamba kukusanya ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, kwamba mwizi hakusanyi mbuzi mchana kweupe akawaweka uani wanalia. Kisha akamgeukia maalimu akamwomba aseme kama dini imekataza mbwa wa kuchunga. Maalimu alijikuna ndevu akasema, hapana, haikukataza. Mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba ameruhusiwa. "Ila ni kwa mwenye mifugo," akaongeza. "Na wewe Fundi, una mbuzi?" Watu walicheka sana. Baba hakucheka. Alisema, "Kesho nitakuwa naye." Mwenyekiti, aliyetaka kwenda kula, akaamua hivi: Fundi akipata mbuzi mbwa abaki, lakini akikusanya mbuzi wa watu, binti awarudishe kila mmoja kwao kabla ya magharibi, na siku mbuzi mmoja atakapokosekana, mbwa atakufa.

Basi Baba akanunua mbuzi. Alikuwa jike dogo la kijivu, kilema wa mguu wa nyuma, maana ndiye aliyewezekana, na aliletwa nyumbani juu ya pikipiki amekumbatiwa. Kunguru alimzunguka mara mbili tatu kwa adabu, akaona kazi yenyewe ni ndogo, akatoka kwenda kuwatafuta wengine. Ndipo ulipoanza msimu ambao bado nauota. Nikitoka shule nilibadilisha nguo, nikapiga mluzi, tukawapandisha yule kilema na mbuzi wote tuliowakuta njiani hadi kwenye nyasi za mteremko wa juu, ambako upepo wa ziwa ulifika na hakuna jirani aliyefika. Nilikaa juu ya jiwe nikila mhogo mbichi. Kunguru alifanya kazi. Sijaona mpaka leo kiumbe anayefurahia kazi yake namna ile: akichepuka mmoja huyo ameshamfikia, akijibanza, akikodoa, akimrudisha, kisha ananitazama kuhakikisha nimeona. Jua likielekea Kongo tuliwateremsha. Nilijifunza kila mbuzi ni wa mlango gani, na baada ya muda mbwa naye akajifunza, akawa anawakata watatu hapa, wanne pale, anawasindikiza mlangoni na kurudi kwenye kundi. Hakuna mbuzi aliyepotea. Hakuna aliyegongwa na pikipiki. Watoto wa mtaa waliacha kutumwa kutafuta mbuzi, wakapata muda wa kucheza mpira. Na wenye mbuzi, watu wale wale, waliwapokea mbuzi wao na kunifungia mlango usoni bila hata ahsante. Mama mmoja alikuwa akitoka na jivu kwenye kopo, akinyunyiza pale aliposimama mbwa wangu kabla sijaondoka, ili nione. Bi Sikitu pekee hakufunga mlango. Alisimama kizingitini mikono kiunoni, akihesabu mbuzi wake kwa midomo, kisha akamtazama Kunguru kwa muda mrefu. Nilidhani anatafuta kosa.

Shangazi alihesabu naye, kwa namna yake. Alijua kwamba mbwa yule amesimama juu ya mguu mmoja tu, na mguu wenyewe ulikuwa wa mbuzi kilema. Ilipokaribia siku ya hitima ya babu, Baba aliitwa Kalya, mbali kusini kwa njia ya ziwa, kutengeneza injini ya boti iliyoharibikia huko, akasema hitima isogezwe mpaka arudi. Haikusogezwa. Siku hiyo nilitoka shule saa za mchana, na kabla sijafika nyumbani nikasikia harufu ya pilau. Mtu yeyote mwingine angefurahi. Mimi nilikimbia moja kwa moja hadi uani, nikakuta ngozi ya kijivu imetandazwa juu ya ua na Kunguru ameketi mbele yake, anaitazama, kisha ananitazama mimi. Wanawake walikuwa wanapakua. "Babu yako anasomewa, unataka tule mchicha?" aliniambia Shangazi hata kabla sijafungua mdomo. Ni kweli Uislamu wa Shangazi ulikuwa wa dhati, na ni kweli alimpenda baba yake. Lakini sokoni Ujiji kulikuwa na nyama siku hiyo, na sitaacha kusema hivyo hadi naingia kaburini.

Walipokwisha kula na kuomba dua, Bi Sikitu, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake karibu na mlango, alikohoa. Alimwita maalimu kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo. "Maalimu, mimi sikusoma. Nakumbusha tu yale uliyotufundisha kikaoni. Mbwa wa kuchunga, si ulisema ni kwa mwenye mifugo?" Maalimu alikuwa bado anatafuna. Akasema ndiyo. "Na asiye na mifugo?" Maalimu alimeza, akaangalia sahani yake, nadhani ndipo alipoelewa ni nini alichokula. Lakini alikuwa mtu wa msimamo, na watu wote walikuwa wanamsikiliza. Akasema, asiye na mifugo haifai kwake kuwa naye. Bi Sikitu akaitikia, "Haya," akainuka, akatoa kamba ya katani kutoka chini ya kanga yake. Alikuwa amekuja nayo. Alikula pilau yetu yote huku ameikalia.

Nilisimama mlangoni pa uani nikashika nguzo mbili kwa mikono. Nilisema ni wangu, nimepewa mimi, si wa Baba wala wa Shangazi. Sikumbuki mtoto mwingine aliyewahi kupiga kelele namna ile mbele ya wageni wa hitima. Shangazi alinibandua vidole kimoja kimoja. "Mtoto hana adabu, kama mama yake," akawaambia wageni, na wageni wakatikisa vichwa kwa kumhurumia yeye. Bi Sikitu, aliyemmwagia maji ya moto, alijifunga kitambaa mkononi, akamtia Kunguru kamba shingoni, na Kunguru akamfuata mkia juu. Hakupinga. Alidhani anapelekwa kwa mbuzi, na hakukosea.

Baba aliporudi kutoka Kalya nilimsubiri Kibirizi, kule boti zinakoshushia watu, ili mimi nimwambie kabla dada yake hajamwambia. Alinisikiliza huku akikunja ovaroli. Nilimwomba akamchukue Kunguru, na kama haiwezekani tumrudishe kwa Dokta Bukuru kama tulivyoagizwa. Tulitembea mpaka Mwanga. Kisha akasema, "Kule kilimani atafungiwa, Zaituni. Huku ana kazi. Nawe utamwona kila siku." Nilimwambia amemwogopa Shangazi. Hakukana. Nilimpenda sana baba yangu na bado namwombea dua, lakini siku ile nilimwona mdogo, na sikuweza tena kumwona mkubwa kama zamani.

Ni kweli nilimwona kila siku, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Bi Sikitu alimfunga wiki moja, kisha akamwachia. Nikipiga mluzi alikuja mbio, akaniegemea, akanizunguka, akanilamba mpaka Shangazi akaita udongo. Nilimshika shingo nikamnong'oneza abaki. Alibaki. Kisha jua likashuka kidogo, masikio yake yakasimama, akajitoa mikononi mwangu taratibu, na kwenda kukusanya mbuzi wa Bi Sikitu. Sikumfuata. Nilijaribu kumchukia siku mbili tatu nikashindwa. Na mtaa, ule ule wa fimbo na sumu, ukabadilika rangi bila aibu. Mbwa wa Bi Sikitu alikuwa mbwa mwenye akili. Mbwa wa Bi Sikitu alikuwa hana makuu. Jicho la kijivu liligeuka kuwa baraka, na yule mama wa jivu nilimkuta akimpa utumbo wa samaki kwa mkono wake, akichekacheka. Bi Sikitu alimjengea kibanda cha bati kando ya zizi, kizuri kuliko cha Baba. Miaka ilipita, nikaenda sekondari ya bweni, na Kunguru akafa nikiwa huko. Hakuna aliyeniletea habari. Nilirudi likizo, nikapiga mluzi, akatoka mjukuu wa Bi Sikitu akaniambia wamemzika mwezi uliopita.

Leo ninaishi Mwanga, nyuma ya ukuta, na jirani zangu siwajui vizuri, nao hawanijui. Watu hulalamika juu ya maisha ya namna hii. Mimi silalamiki. Nina mbwa wawili waliochanjwa, wanabweka wanavyotaka, na hakuna anayekuja na fimbo wala fatwa. Kasingirima yenyewe imebadilika. Njia imewekwa lami, mbuzi wamekatazwa kuzurura, na uani kwetu kuna vyumba vya kupangisha. Mwaka jana nilikwenda msibani huko, nikapelekwa kumsalimia Bi Sikitu, sasa kizee kisichoona vizuri, ameketi barazani amezungukwa na vitukuu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi," kwa sababu hata mimi nililelewa. Alikuwa anawasimulia watoto juu ya mbwa wake aliyejua mbuzi wa kila mlango, namna alivyomwokoa asiuawe na watu wa mtaa, namna alivyomfundisha mwenyewe, na watoto walisikiliza midomo wazi. Nilimwambia, "Bi, mimi ndiye Zaituni wa Fundi. Mbwa yule alikuwa wangu." Aligeuza uso upande wa sauti yangu akatabasamu vizuri kabisa, tabasamu la mtu anayekumbuka mambo mema. "Ninyi watoto wa zamani," akasema, "mlikuwa mnapenda sana vitu vya watu." Wote walicheka, na mimi nikaletewa chai. Niliinywa yote. Baba amekufa, Shangazi amekufa, Dokta Bukuru amekufa, maalimu amekufa, na barazani pale sikuwa na hata shahidi mmoja. Kwa hiyo naandika hapa, kwa wasionijua na wasiomjua yeye. Mbwa alikuwa wangu.